HP yangu imekataa RAM ya GB 8: kosa ni la mashine au la RAM?

*Swali: Nina duka la kuchapa na kupiga fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda. Natumia HP EliteDesk 800 G1 ile nyembamba, Core i5-4570, RAM GB 4, Windows 10. Kazi kubwa ni mabango, kadi za harusi na fomu za wateja. Nikifungua Photoshop na Chrome pamoja, mashine inaganda mpaka mteja anachoka na kuondoka. Fundi aliniletea RAM ya GB 8 aliyoitoa kwenye kompyuta nyingine, imeandikwa 8GB 1Rx4 PC3L-12800R. Alipoichomeka, kompyuta ililia mara tano, taa ya mbele ikamweka nyekundu, skrini ikabaki nyeusi. Aliporudisha ya zamani ikawaka kama kawaida. Sasa anasema mashine hii haikubali zaidi ya GB 4, ninunue nyingine. Ni kweli? Kama si kweli, ninunue RAM ipi, niiweke vipi, na ile ya zamani niifanyie nini?*

Dada, si kweli, na usitoe hela ya mashine nyingine kwa sababu hiyo. EliteDesk 800 G1 nyembamba ina sloti nne za RAM na inabeba mpaka GB 32, yaani GB 8 katika kila sloti. Ilichokataa ni aina ya RAM, na umefanya vizuri sana kutunakilia lebo, kwa sababu jibu liko kwenye herufi yake ya mwisho: R.

R ni alama ya RAM ya seva. RAM ya namna hiyo ina chipu ya ziada katikati inayopokea amri kwanza na kuzigawa kwa chipu nyingine. Core i5 yako haijui kuzungumza na mpatanishi huyo. Yenyewe huzungumza na chipu za kumbukumbu moja kwa moja. Kinachowaponza mafundi wengi ni kwamba RAM ya seva ya DDR3 (kizazi cha tatu cha RAM za DDR, ndicho cha mashine yako) na ya kompyuta ya mezani ya DDR3 zote zina meno 240, na mkato wa chini uko mahali pamoja. Kwa hiyo inaingia vizuri, vibano vinafunga, kila mtu anaamini imekubali. Kuingia kwenye sloti hakuthibitishi kitu. Milio mitano pamoja na taa nyekundu inayomweka mara tano ndiyo namna HP za kizazi hicho zinavyosema kwamba kumbukumbu, yaani RAM, imeshindwa kabla hata skrini haijawashwa. Ungeiwasha bila RAM yoyote ungesikia milio hiyo hiyo. Kwa kuwa ya zamani ilirudi ikawaka, bodi mama haikudhurika.

Lebo hiyo ina tatizo la pili, nalo ni 1Rx4. Hili tutalirudia, kwa sababu ndilo litakalokukamata hata ukipata RAM isiyo ya seva.

Chomoa RAM yako ya zamani uisome kwa makini (namna ya kuichomoa salama iko chini). Kwenye mashine kama yako mara nyingi utakuta kitu kama 4GB 1Rx8 PC3-12800U-11-11. Namba ya kwanza ni ukubwa. 1R ni safu moja ya chipu. x8 maana yake kila chipu inatoa biti 8 kwa wakati mmoja. Chipu nane zikitoa pamoja zinafanya biti 64, na huo ndio upana ambao prosesa inasoma. PC3 ni DDR3. 12800 ni kasi, megabaiti 12,800 kwa sekunde. Wauzaji wengine huiita DDR3-1600, na ni kitu kimoja, maana 1600 mara baiti 8 ni 12800. U ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani, na hiyo ndiyo herufi unayoitafuta. Ile 11 ni muda wa kusubiri, na HP yenyewe inataka 11 kwa kasi ya 1600.

Kwa hiyo ukifika dukani usiseme tu "nataka RAM ya GB 8". Sema: nataka DDR3 ya mezani, 8GB 2Rx8 PC3-12800U, mbili zinazofanana. Andika hivyo kwenye karatasi umpe muuzaji.

Ile L kwenye PC3L isikutie hofu. DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5, na PC3L imetengenezwa kwa volti 1.35 lakini inavumilia 1.5 pia. PC3L-12800U itafanya kazi kwako. Ukikuta 10600 mahali pa 12800, hiyo ni DDR3-1333. Itawaka, ila RAM zote zilizomo zitashuka kwenye kasi yake. Ikiwa ni S mwishoni, ni ya laptopu, fupi, meno 204, haiingii kabisa. E ni yenye chipu ya kukagua makosa, iache. PC4 ni DDR4, meno 288 na mkato mahali pengine. Mtu akijaribu kuisukuma kwa nguvu ataivunja sloti, na hapo ndipo utakuwa na tatizo la bodi kweli.

Lebo zinabanduka, na nyingine hubandikwa upya na watu wasio waaminifu, kwa hiyo zoea kuhesabu chipu. GB 8 nzuri kwa mashine yako ina chipu 16, nane kila upande, zote sawa. Ukihesabu tisa kila upande, ile ya tisa ni ya kukagua makosa. Ukiona zaidi ya hizo chipu ya umbo tofauti imekaa katikati, hiyo ni ya seva. Na ukiona DDR3 ya GB 8 yenye chipu nane tu kwa jumla, iache pia: kila chipu hapo ni ya gigabiti 8, na mashine hii inasoma chipu za gigabiti 1, 2 au 4 tu.

Sasa tuirudie x4. HP wanasema wazi kwamba mashine hii inakubali RAM zilizotengenezwa kwa chipu za x8 na x16, na za x4 haikubali. Sokoni zipo RAM mpya za bei ya chini za GB 8, DDR3, zenye U, zinazouzwa kwa maelezo kwamba ni za AMD tu. Hizo ndizo zenye chipu za x4: chipu 16 zikitoa biti 4 kila moja, unapata biti 64 katika safu moja. Kwa macho zinafanana kabisa na 2Rx8, kuhesabu hakutakusaidia, na mara nyingi lebo haina alama ya 2Rx8 wala 1Rx4. Ndani ya HP yako zitakataa kuwaka. Zimetengenezwa hivyo hasa, hazijaharibika, na muuzaji anaweza kukuapia kuwa ni nzima bila kusema uongo. Kinga ni moja tu: ijaribu ndani ya mashine yako kabla ya kulipa. Ile HP nyembamba inabebeka. Iweke kwenye boda, ishike wewe mwenyewe mapajani, ufike nayo dukani.

Kabla ya safari hiyo, hakikisha kwamba RAM ndiyo inayokukwamisha. Fungua kazi zako zote kama siku yenye wateja wengi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance. Tazama Memory na Disk kwa wakati mmoja. Memory ikiwa juu ya asilimia 85 na diski nayo iko 100, tatizo ni RAM: Windows imeishiwa nafasi, inahamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, na diski inaelemewa. Lakini Memory ikiwa asilimia 60 na diski bado iko 100, tatizo ni diski yenyewe, na RAM ya GB 32 haitakusaidia. Kwa GB 4 na kazi uliyoitaja tunatarajia uone hali ya kwanza. Adobe wenyewe wanataka angalau GB 8 kwa Photoshop na wanapendekeza 16.

Kuna jambo la mabango ambalo lina uzito kuliko ununuzi wowote. Bango la mita 3 kwa 1 ukilitengeneza kwa nukta 300 kwa inchi lina pikseli 35,433 kwa 11,811. Kwa rangi za uchapaji, CMYK, kila pikseli inachukua baiti 4, kwa hiyo tabaka moja tu lililojaa ni karibu GB 1.7. Weka matabaka matatu na hata GB 16 itatoka jasho. Faili la PSD lenyewe linaishia pikseli 30,000 kwa upande, kwa hiyo Photoshop itakulazimisha kuhifadhi kwa PSB, aina ya faili lake la picha kubwa. Bango hilo hilo kwa nukta 100 ni pikseli 11,811 kwa 3,937, na tabaka moja ni megabaiti 186. Bango linalosomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara halihitaji nukta 300. Acha hizo kwa kadi za harusi, ambazo mtu anazishika mkononi. Hata ukiwa na GB 4 leo, badiliko hilo peke yake utaliona.

GB ngapi basi? Kwa kazi yako, 16: mbili za 8. Prosesa hii ina njia mbili za kusomea kumbukumbu, na RAM mbili zinazofanana zikikaa kila moja kwenye njia yake, data inapita kwa upana maradufu. Faida hiyo ni kubwa zaidi kwenye mashine isiyo na kadi ya picha, kama yako, kwa sababu picha za skrini nazo zinachota kwenye RAM hiyo hiyo. Kama mfuko unaruhusu moja tu kwa sasa, nunua 8 moja, uiache na ile ya 4. Utapata 12, na Intel huzigawa hivi: GB 8 zinasomwa kwa njia mbili, 4 zilizobaki kwa njia moja. Si vibaya hata kidogo. Mwezi mwingine ukiongeza 8 ya pili, toa ile ya 4. Kwenda mpaka 32 hatukushauri kwenye mashine ya umri huu. Sababu iko mwishoni.

Hakikisha pia Windows yako ni ya biti 64. Fungua Settings, System, About, usome mstari wa System type. Mashine nyingi za mitumba huwekewa Windows ya biti 32 kwa haraka, na hiyo haivuki GB 4 hata ukijaza sloti zote. Ukikuta 32-bit, hifadhi kazi zako na uweke Windows upya ya biti 64 kwanza. Hakuna njia ya kuigeuza bila kuiweka upya.

Dukani, tazama meno ya dhahabu. Mikwaruzo midogo si neno, ni alama ya kuchomekwa na kuchomolewa. Doa jeusi la kuungua, jino lililobanduka, au chipu iliyovunjika kona, rudisha. Mwambie aiweke kwenye mashine yako, uone inawaka, kisha uiwashe upya ukibonyeza F10 ili uingie kwenye menyu ya mipangilio ya HP, uangalie System Information kama ukubwa na kasi vinasomeka. Risiti iandikwe aina ya RAM na namba yake ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye lebo, pamoja na siku za kurudisha. Wiki moja ni ya lazima, maana RAM mbovu inaweza kuwaka vizuri leo na kuanza vituko keshokutwa. Na usiibebe ndani ya kavera. Plastiki ile inazalisha umeme tuli, na umeme mdogo usiousikia hata kidoleni unatosha kuua chipu. Omba mfuko wake wa kijivu unaong'aa. Ukikosekana, boksi la karatasi kavu ni afadhali.

Kuiweka si kazi ngumu, ila kuna mambo mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza ni umeme. Zima kwa Shut down huku umeshikilia Shift, kisha chomoa waya wa umeme ukutani au nyuma ya mashine. Kuzima peke yake hakutoshi, kwa sababu kwenye HP hii RAM inaendelea kupata umeme muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata taa zote zikiwa zimezimika. Subiri sekunde 30, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili masalio yaishe, ndipo ufungue. Ukichomoa RAM ikiwa na umeme unaweza kuiua, na bodi pamoja nayo.

La pili ni vumbi. Vumbi jekundu la barabara zetu huingia mpaka ndani ya sloti, na kipindi cha kiangazi hufunika bodi yote. Ukisukuma RAM juu yake, unalishindilia kati ya meno na sloti, na milio mitano itarudi hata kama RAM ni sahihi. Toa mashine nje, tumia bloa au brashi laini kavu, na shikilia feni kwa kidole isizunguke. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji.

Laza mashine ubavu, inua mfuniko, kisha inua ile kreti ya diski juu. Inazunguka kwenye bawaba zake, na chini yake utaziona sloti nne. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa RAM, na rudia kila ukitoka na kurudi, hasa kama umevaa nailoni au unasimama juu ya zulia. Kumbuka mahali RAM ya zamani ilipokaa na rangi ya sloti ile. Hiyo ndiyo ya kwanza. Mwenzake ni sloti nyingine ya rangi hiyo hiyo, na hizo mbili ndizo utakazozitumia. Ukiziweka mbili kwenye njia moja, mashine itawaka ila itakuwa ya njia moja, na huenda ikakuonyesha onyo namba 214 kwamba mpangilio haufai.

Bonyeza vibano vya pembeni chini, RAM itanyanyuka yenyewe. Kabla ya kuweka mpya, linganisha mkato wake na kile kijino ndani ya sloti. Haujakaa katikati kabisa, kwa hiyo inaingia upande mmoja tu. Isimamishe wima, weka vidole gumba kwenye ncha mbili, sukuma kwa pamoja mpaka vibano vyote viwili vijifunge vyenyewe. Inahitaji nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kibano kimoja kikiwa kimefunga na kingine kimebaki wazi hata kwa upana wa ukucha, RAM haijaingia. Tazama mstari wa meno: ukiona dhahabu imejitokeza upande mmoja zaidi ya mwingine, itoe uanze tena. Usifunge kibano kwa kidole ili kuilazimisha ikae.

Pawa saplai isikusumbue. Ya mashine hii ni wati 240 na RAM ya ziada inakula wati chache tu.

Ukiwasha mara ya kwanza, inaweza kuchelewa kuonyesha picha, na huenda ukaona ujumbe namba 164 kuhusu ukubwa wa kumbukumbu. Si kosa. Mashine inakuambia kiasi kimebadilika tangu mara ya mwisho; bonyeza F1 ikubali. Ndani ya Windows rudi kwenye Performance, Memory, uone GB 16, Speed 1600 na Slots used 2 kati ya 4.

Milio mitano ikirudi licha ya RAM kuwa ya U na 2Rx8, usikimbilie kulaumu bodi. Chomoa waya, subiri sekunde 30, itoe, safisha meno kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi safi ya isopropili, asilimia 90 au zaidi, acha ikauke, uiweke tena. Raba ya penseli inafanya kazi kama huna alkoholi, lakini ifute polepole na uhakikishe hakuna vipande vyake vilivyobaki. Kisha jaribu moja moja: RAM mpya ya kwanza peke yake kwenye ile sloti ya kwanza, halafu ya pili peke yake kwenye sloti hiyo hiyo. Moja ikiwaka na nyingine ikikataa, umempata mkosaji. Zote zikiwaka kila moja peke yake na kukataa pamoja, sogeza ile ya pili kwenye sloti nyingine. Sloti chafu au yenye jino lililopinda ni kitu cha kawaida kwenye mashine za mitumba. Zote zikikataa huku ya zamani inawaka, RAM si ya aina yake, na nafasi kubwa ni ile x4 tuliyoisema.

Kuna hali nyingine ya kuudhi: mashine inaona 16 kwenye F10 lakini Windows inaonyesha chini ya hapo. Bonyeza kitufe cha Windows na R ili Run ifunguke, andika msconfig, nenda Boot, Advanced options, uondoe tiki kwenye Maximum memory kama ipo. Mtu aliwahi kuigusa akidhani anaongeza kasi. Na programu zinazojidai kusafisha RAM, ziondoe zote. Zinachofanya ni kuvihamishia vitu kwenye diski kwa nguvu, kisha Windows inavirudisha, na wewe unasubiri.

Usiku wa kwanza usiruke kipimo. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa mashine kwa flashi hiyo, funga duka, uiache mpaka imalize angalau mzunguko mmoja kamili. Umeme ukikatika katikati, hakuna kinachoharibika, unaanza upya tu. Kosa moja, hata moja tu kati ya mzunguko mzima, ni sababu ya kuirudisha RAM hiyo. Asikuambie mtu kwamba kosa moja ni dogo: kosa hilo likiangukia kwenye faili la mteja, utahifadhi faili bovu bila kujua. Ndani ya siku hizo za risiti, tazama pia skrini za buluu zenye neno MEMORY_MANAGEMENT na Photoshop kujifunga bila sababu. Zikitokea, rudi kwenye kipimo.

Photoshop nayo uiambie kuhusu nafasi mpya: Edit, Preferences, Performance, weka asilimia 70 hivi. Usipande mpaka 95, Chrome na Windows nazo zinakula.

Kuhusu diski, kama bado unatumia ile ya kuzunguka, SSD ya SATA itaongeza kasi ya kuwaka na kufungua faili kwa namna ambayo RAM haiwezi. Kwa dalili ulizoeleza tungeanza na RAM, kisha SSD pesa ikipatikana. Ukiona hali ile ya pili tuliyoeleza, diski 100 na Memory 60, geuza mpangilio.

Na hii ndiyo sababu ya kutokwenda GB 32. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-4570 ni ya kizazi cha 4, wakati Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine yako ina miaka ya kazi mbele yake kama mashine ya kubuni mabango, ila fomu za wateja zenye namba za vitambulisho na malipo ya mtandaoni ni afadhali zihamie kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo unaopata masasisho. Siku ukinunua mashine hiyo, itakuwa ya DDR4 au DDR5, na DDR3 yako haitaingia humo. Kwa hiyo kila shilingi unayoweka kwenye RAM hii inabaki kwenye mashine hii. GB 16 inarudisha gharama yake kwa kazi. 32 haitakuwa na muda huo.

RAM ya seva mrudishie fundi, na umwonyeshe ile R kwa heshima. Ni nzima na mwenye seva ya DDR3 ataihitaji. Ile yako ya GB 4 usiiuze. Itie kwenye mfuko wa kijivu uliokuja na mpya, andika juu yake kwa kalamu "4GB, inawaka", uitunze droo kavu mbali na dawa za printa. Unajua kwa hakika kwamba ni nzima na kwamba mashine inaikubali, kwa hiyo siku milio mitano itakaporudi, hiyo ndiyo utakayochomeka kwanza ili ujue kama tatizo liko kwenye RAM mpya au kwenye sloti.